Pengo limehama, mikakati imebaki palepale

Novemba 2005, mjini Tunis, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa Kofi Annan alishika mbele ya kamera kompyuta mpakato ndogo ya kijani iliyokuwa na mkono wa manjano wa kuzungusha ubavuni. Mtoto wa mahali pasipo na umeme angezungusha mkono huo na mashine ingewaka. Nicholas Negroponte, mwenye wazo hilo, alikuwa amekwisha kuitangazia dunia kwamba bei itakuwa dola 100. Mkono ulipozungushwa, ukachomoka. Miaka miwili baadaye mashine zilipoanza kutoka kiwandani, mkono haukuwepo tena na bei ilikuwa imekaribia dola 200.

Wengi hukisimulia kisa hiki ili wacheke, kisha wakaishia hapo. Mimi naona cha kuangaliwa ni kilichofuata, maana serikali zilizotaka kununua hazikuuona mkono uliochomoka kuwa dalili ya lolote. Peru peke yake ilinunua zaidi ya mashine 850,000. Mwaka 2012 Benki ya Maendeleo ya Nchi za Amerika ikatoa utafiti uliofanywa katika shule 319 za vijijini nchini humo. Kompyuta zilikuwa zimeongezeka sana, watoto walikuwa wakizitumia, na baadhi ya vipimo vya ufahamu vilionyesha nafuu kidogo. Alama za hisabati na lugha zilibaki zilivyokuwa. Shule nyingi kati ya hizo hazikuwa na intaneti. Hata hivyo, kwa kipimo cha mpango wenyewe kazi ilikuwa imefanikiwa: mashine zilinunuliwa, zikasafirishwa, zikagawiwa.

Nimekuwa nikisoma mikakati ya taifa ya teknolojia kwa muda sasa. Ukiondoa jina la nchi na picha ya waziri kwenye kurasa za mwanzo, utapata shida kujua mkakati ni wa nani. Kuna dibaji, dira, dhima, nguzo tano au saba, kisha jedwali la viashiria huko mwishoni ambako wasomaji wengi hawafiki. Mimi huanza na jedwali. Humo utakuta kilomita za mkongo wa mawasiliano, idadi ya minara, idadi ya shule zilizounganishwa, idadi ya vishikwambi. Vyote ni vitu vinavyohesabika siku ya kukata utepe. Ni nadra kukuta mstari unaouliza ni watu wangapi walivitumia mwezi uliopita, na unaouliza ni wangapi waliwahi kuvitumia kisha wakaacha sijauona kabisa.

Mazoea haya yana asili yake. Januari 1985 tume huru iliyoundwa na Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano, chini ya uenyekiti wa Mwingereza Sir Donald Maitland, ilitoa ripoti iliyotikisa sekta nzima. Jiji la Tokyo peke yake, ilisema, lilikuwa na simu nyingi kuliko bara zima la Afrika. Tume ikaweka lengo kwamba kufikia mwanzoni mwa karne ya 21 karibu kila binadamu awe na simu mahali anapoweza kuifikia bila taabu. Tatizo la wakati ule lilikuwa la ujenzi kwelikweli. Nyaya hazikuwepo, na mtu aliyeomba simu aliweza kukaa kwenye orodha ya kusubiri miaka.

Lengo hilo kwa kiasi kikubwa lilifikiwa, ila kwa njia ambayo tume haikuiona ikija. Mashirika ya simu ya umma yaliyotarajiwa kutandaza nyaya hayakuzitandaza. Kilichowafikia watu ni ushindani uliofunguliwa miaka ya 1990, minara ya simu za mkononi, na vocha ya kukwangua. Hiyo vocha nataka niisemee kidogo, kwa sababu haipewi heshima yake. Kabla yake kampuni ya simu ilimtaka mteja mwenye anwani, mshahara na uwezo wa kulipa ankara mwisho wa mwezi. Vocha ilimruhusu mtu asiye na kimoja kati ya hivyo anunue dakika chache leo, akae kimya hadi atakapopata tena, na laini yake ibaki hai akipigiwa. Kipande cha karatasi chenye namba zilizofichwa kilibadili namna ya kulipa, na soko likafunguka kwa watu ambao wapangaji hawakuwa wamewahesabu kama wateja.

Sasa tuko wapi? Ripoti ya mwaka 2024 ya GSMA, chama cha kampuni za simu duniani, inasema watu wanaoishi mahali pasipofikiwa kabisa na intaneti ya simu ni asilimia 4 ya watu wote duniani, yaani kama milioni 350. Wanaoishi mahali inapofika lakini hawaitumii ni asilimia 39, watu bilioni 3.1. Kwa kila mtu mmoja anayesubiri mnara, wako karibu tisa ambao mnara wao tayari umesimama. Hesabu hiyo inajumuisha watoto wadogo, kwa hiyo usiibebe kama ilivyo, lakini hata ukiwatoa, kundi la pili bado linalifunika la kwanza. Pengo la leo kati ya wenye intaneti na wasio nayo, kwa sehemu yake kubwa, halitokani na ukosefu wa mtandao. Na bado mikakati inaandikwa kana kwamba mwaka ni 1985.

Sipingi ujenzi. Hadi mwaka 2009 pwani ya Afrika Mashariki ilitegemea setilaiti kuwasiliana na dunia, na hakuna mafunzo wala hamasa ambayo ingeweza kuziba upungufu huo. Nyaya za chini ya bahari za SEACOM mwaka 2009 na EASSy mwaka 2010 zilikuwa ujenzi wa lazima. Asilimia 4 ile nayo ni watu, na wengi wao wako mahali ambapo hakuna mfanyabiashara atakayepeleka mnara kwa hiari yake. Ninachokataa ni ule ujanja wa kuchukua tatizo la bilioni tatu na kulijibu kwa bajeti iliyotengenezwa kwa ajili ya milioni 350.

Ukiuliza kwa nini watu hawaitumii intaneti iliyowafikia, jibu la haraka ni bei ya bando, nalo ni la kweli kwa sehemu. Mwaka 2018 Tume ya Broadband ya Umoja wa Mataifa iliweka lengo kwamba kufikia 2025 huduma ya chini kabisa ya intaneti ya kasi isizidi asilimia 2 ya wastani wa pato la mtu kwa mwezi. Ni lengo zuri, na limesaidia kuwabana wadhibiti wa mawasiliano. Lakini angalia lilivyotengenezwa. Wastani wa pato unajumlisha mwenye nyumba na mpangaji, mkurugenzi na mfagizi wake. Nchi yenye tofauti kubwa ya kipato inaweza kulifikia lengo hilo kwenye karatasi huku familia za chini zikitoa mara nne au tano ya kiwango hicho kwa bando lile lile. Tena lengo linahesabu bando na kuisahau simu. Mtu hawezi kununua simu janja kidogo kidogo kama anavyonunua dakika. Anatakiwa atoe fedha zote siku moja, na kwa anayeishi kwa kipato cha kutwa, hizo zinaweza kuwa akiba ya miezi. Hapa ndipo mahali pa kutafuta vocha ya kukwangua ya kizazi hiki: mikopo midogo ya simu, dhamana ya serikali kwa wanaouza kwa awamu, kuondoa ushuru kwenye simu za bei ya chini. Katika mikakati mingi mambo haya hupewa aya moja, na aya yenyewe huanza na maneno "serikali itahamasisha".

Halafu kuna swali la simu ni ya nani. Katika nyumba yenye simu janja moja, takwimu za kaya zitasema nyumba imeunganishwa. Simu hiyo huondoka asubuhi na mtu mmoja na kurudi jioni ikiwa na chaji asilimia 10, na mara nyingi anayeondoka nayo ni mwanamume. GSMA ilikadiria mwaka 2024 kwamba katika nchi za kipato cha chini na cha kati uwezekano wa mwanamke kutumia intaneti ya simu ulikuwa pungufu kwa asilimia 15 kuliko wa mwanamume. Mkakati unaohesabu kaya badala ya mtu mmoja mmoja hauwezi kuiona tofauti hiyo, hata ukiwa na nguzo nzima inayoitwa Jinsia.

Lugha nitaipitia kwa kifupi, maana inajieleza. Fomu ya serikali iliyohamishiwa mtandaoni kwa lugha ambayo mwombaji haisomi inamrudisha kwa yule yule aliyekuwa akimjazia fomu ya karatasi, na sasa inabidi amwachie na neno la siri.

Turudi kwenye ujenzi, kwa sababu hata huko hesabu haikamiliki. Mnara uliojengwa kwa ruzuku mbali na gridi ya umeme huendeshwa kwa jenereta ya dizeli, au sola na betri, au vyote pamoja. Ruzuku kwa kawaida hulipia kuusimamisha na labda miaka michache ya kuuendesha. Betri huchoka. Dizeli lazima isafirishwe kwa barabara ambayo wakati wa mvua haipitiki, na nyingine huibiwa njiani. Mapato ya eneo hilo, ambayo ndiyo sababu kampuni haikwenda huko kwa hiari, hayatoshi kununua betri mpya. Hapo saa za huduma huanza kupungua: usiku mtandao unazimika, kisha na mchana kukiwa na mawingu. Kwenye ramani ya mdhibiti eneo linabaki na rangi ya kijani, kwa sababu rangi hiyo ilipakwa siku mnara ulipowashwa.

Shuleni mambo ni yale yale. Ingia chumba cha kompyuta cha mradi uliomalizika. Mashine 20 zimefunikwa vitambaa, dirisha lina nondo, mlango una kufuli mbili, na ufunguo uko kwa mwalimu mkuu. Wageni husema mwalimu huyo haelewi teknolojia. Anaielewa sana. Yeye ndiye aliyetia saini ya kupokea vifaa. Kikiharibika kimoja, hana fungu la matengenezo, hana fundi wa kumwita, na mkaguzi atamuuliza yeye. Kompyuta iliyofungiwa haiharibiki. Kwa mazingira aliyowekewa, kufunga mlango ndio uamuzi wa busara, na semina kumi za stadi za kidijitali hazitaubadilisha. Fungu dogo la matengenezo lingetosha, pamoja na kanuni inayoruhusu mashine ifutwe kwenye daftari la mali bila mtu kuitwa kujieleza.

Uruguay wanatajwa sana katika mijadala hii, na mara nyingi kwa sababu isiyo sahihi. Mpango wao wa Ceibal ulianza 2007 ukitumia mashine zile zile za Negroponte, na ndani ya miaka michache kila mtoto wa shule ya msingi ya umma alikuwa na yake. Tafiti za mwanzo hazikuona hisabati wala kusoma kukipanda huko pia. Tofauti ni kwamba Ceibal haikuwa zabuni ya kununua kompyuta. Ilikuwa taasisi yenye wafanyakazi wake, iliyopeleka intaneti shuleni na kushughulikia matengenezo, na iliyoendelea kuwepo baada ya magari ya kugawa mashine kuondoka. Kwa kuwa ilikuwepo, iliweza kuuliza kifaa kifanye nini. Mojawapo ya majibu lilikuwa kufundisha Kiingereza kwa video, mwalimu akiwa mahali pengine, katika madarasa yasiyo na mwalimu wa somo hilo. Shule zilipofungwa mwaka 2020, jukwaa lao la masomo lilikuwa tayari lina watumiaji. Uruguay ni nchi ndogo na umeme umeenea karibu kote, kwa hiyo simwambii mtu akainakili. Ila muundo ule wa taasisi inayobaki hauhitaji nchi iwe tajiri.

Fedha za kufanya haya yote zinatoka wapi? Katika nchi nyingi zinazoendelea ziko tayari, kwa jina la mfuko wa mawasiliano kwa wote, unaochangiwa na kampuni za simu kwa asilimia fulani ya mapato. Tatizo mara nyingi ni kuzitumia. Brazil ilianzisha mfuko wake kwa sheria ya mwaka 2000, asilimia 1 ya mapato ya uendeshaji ya kampuni. Kwa karibu miaka 20 makusanyo yakaingia, na sehemu kubwa haikwenda kwenye kazi iliyokusudiwa. Sababu mojawapo inachosha kuisikia lakini ina mafunzo: sheria ilizifunga fedha hizo kwenye huduma ya simu za mezani, wakati wananchi walikuwa wakizikimbia simu hizo kwenda za mkononi. Fedha zilizoshindwa kutumika zikawa msaada mzuri kwa hazina katika kusawazisha mahesabu, na mwenye kunufaika na uzembe hana haraka ya kuuondoa. Sheria ilibadilishwa Desemba 2020 ndipo intaneti ya kasi ikaingizwa waziwazi.

India nao walikuwa na mfuko, na waliutumia. Oktoba 2011 waliidhinisha mradi unaoitwa leo BharatNet, wa kupeleka mkongo katika mabaraza ya vijiji yapatayo 250,000. Tarehe ya kumaliza imesogezwa mara kadhaa. Katika vijiji vingi mkongo ulifika ofisi ya baraza, na hapo ndipo ulipokoma. Kutoka ofisini hadi nyumba ya mwanakijiji ni mwendo wa dakika chache, na hizo dakika chache hazikuwa kazi ya mtu yeyote.

Kuna jambo moja ambalo wataalamu wa teknolojia hulikwepa kwa sababu liko nje ya wizara yao. Bei ya intaneti, kwa sehemu kubwa, huamuliwa kwenye hotuba ya bajeti. Julai 2018 Uganda ilianza kutoza shilingi 200 kwa siku kwa kila anayetumia mitandao ya kijamii. Ni fedha ndogo ukiitazama siku moja, lakini kwa mtu wa kipato cha chini, mwisho wa mwezi ilikuwa kama kununua bando lingine. Waliokuwa wajanja wakakimbilia VPN, programu inayoficha mtu anatumia nini mtandaoni, na idadi ya watumiaji wa intaneti ikashuka katika miezi ile ya kwanza. Kodi hiyo ikaondolewa 2021, na mahali pake ukaja ushuru wa asilimia 12 kwenye bando lenyewe. Nchi hiyo hiyo, kama nyingine nyingi, ilikuwa na mpango wa kuongeza watumiaji wa intaneti. Nyaraka mbili za serikali moja zilikuwa zikivutana, na iliyoshinda ni ile yenye sahihi ya waziri wa fedha. Hali ni hiyo hiyo pale serikali inapozima intaneti wakati wa uchaguzi na mwezi unaofuata ikawaita vijana kwenye kongamano la uchumi wa kidijitali.

Kwa hiyo ningeshauri wanaoandika mkakati mpya waanze kwa kuupeleka hazina, kabla hata ya kuupa jina. Wakubaliane huko ni kodi zipi hazitaongezwa kwa miaka mitano, fungu la matengenezo litatoka wapi mwaka wa nne na wa tano, na nani ana mamlaka ya kusimamisha mradi usiotumika. Makubaliano hayo yakikosekana, nguzo saba zilizobaki ni mapambo, na mshauri mwelekezi aliyeziandika keshalipwa.

Hilo la kusimamisha ndilo gumu zaidi, na Rwanda inatoa mfano wa kutazamwa. Ni nchi iliyoanza mapema, ikiwa na mipango ya miaka mitano mitano ya teknolojia tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Mwaka 2013 iliingia ubia na kampuni ya KT ya Korea Kusini ili mtandao wa 4G, yaani intaneti ya simu yenye kasi kubwa, ujengwe na mwendeshaji mmoja, naye auze kwa jumla kwa kampuni za simu. Kwa hoja ya ujenzi ilikuwa na mantiki: kwa nini kampuni tatu zijenge minara mitatu kwenye kilima kimoja? Huduma ilianza 2014, na kufikia 2018 4G ilikuwa imewafikia zaidi ya asilimia 95 ya wananchi, kiwango ambacho nchi tajiri zaidi barani zilikionea wivu. Watumiaji wa 4G, hata hivyo, walikuwa wachache mno ukilinganisha na ramani hiyo. Kampuni za simu zilikuwa na mitandao yao wenyewe ya 3G, kizazi kilichotangulia 4G, na hazikuwa na sababu ya kusukuma bidhaa ambayo zililazimika kuinunua kwa mwingine ambaye hakuwa na mshindani wa bei. Simu zenye uwezo wa 4G nazo zilikuwa ghali.

Serikali ingeweza kuendelea kuisifia asilimia 95. Mwaka 2022 ikapitisha sera mpya iliyoondoa ukiritimba huo, na mwaka 2023 kampuni za simu zikaanza kuwasha 4G zao zenyewe, nyingi kwenye minara iliyokuwa imesimama pale pale siku zote.